Nembo za tovuti zisifunike sura za zilipendwa

Ndugu Mhariri,

Chomeka flashi ya zilipendwa iliyojazwa kibandani, kisha fungua orodha ya albamu. Mara nyingi kioo chote kitajaa picha moja: nembo ya tovuti zilikopakuliwa nyimbo, au namba ya simu ya aliyejaza. Anayetafuta wimbo kwa jicho, na siku hizi wengi hutafuta hivyo, hana pa kuanzia.

Kabla ya picha, yashughulikiwe majina ya bendi yaliyoandikwa ndani ya faili, kwa kuwa simu hupanga picha kwa kufuata majina. Sikinde peke yao hujitokeza mara tatu: “Sikinde”, “Mlimani Park” na “DDC Mlimani Park Orchestra”. Programu haijui kuwa ni bendi ileile, hivyo chagua jina moja. Kazi ipo kwa bendi iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, ikawa Juwata, kisha OTTU, hatimaye Msondo Ngoma. Hapa majina ya zamani yasifutwe. Wimbo wa enzi za Juwata uandikwe Juwata penye msanii, na Msondo Ngoma penye “Album Artist” (msanii wa albamu nzima). Zote zitakaa chini ya paa moja na historia itabaki. Nafasi hiyohiyo ikiachwa wazi kwenye mkusanyiko wa bendi mbalimbali, simu nyingi huugawa ukawa albamu ishirini za wimbo mmojammoja.

Picha zenyewe zipatikane wapi? Nyimbo nyingi za dansi zilitoka kwenye santuri ndogo, na bahasha zake mara nyingi hazikuwa na picha ya bendi. Skani lebo ya katikati. Ina upana wa sentimita 9 hivi, kwa hiyo ukiiskani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) utapata pikseli elfu moja na ushee. Ikate mraba, ipunguze iwe 600 kwa 600, uihifadhi kama JPEG bila kuweka tiki penye “Progressive”, kwani baadhi ya redio za gari haziwezi kuisoma ya aina hiyo. Picha ya MB 3 ni ubadhirifu: hurudiwa ndani ya kila faili, na kwa nyimbo 300 ni MB 900 za picha tupu. Kubandika picha ya bendi nyingine kwa sababu tu inapendeza ni vibaya kuliko kuacha mraba mtupu.

Kwa kompyuta ya Windows, programu ya bure ya Mp3tag inatosha. Teua nyimbo zote za albamu, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya picha iliyo chini kushoto, ondoa nembo ya zamani, buruta picha mpya mahali pake, kisha bonyeza Ctrl+S. Nembo isipoondolewa kwanza, faili linaweza kubeba picha mbili na redio ikachagua ile ya zamani. Picha iliyowekwa kwenye folda tu haitoshi, maana wimbo ukitumwa peke yake huiacha nyuma. Faili za WAV nazo hazitegemewi kubeba picha; zigeuze ziwe FLAC, aina ya faili inayobeba picha bila kupunguza ubora wa sauti. Na simu ikiendelea kuonyesha nembo baada ya yote hayo, futa kashe (kumbukumbu ya muda) ya programu ya muziki kabla ya kumlaumu fundi.

Kwenye kioo kidogo maandishi ya lebo hayasomeki, lakini rangi inaonekana. Ukanda wa pikseli 40 chini ya picha, rangi moja kwa NUTA, nyingine kwa Juwata, humwongoza mtu bila kusoma chochote. Rangi zisizidi nne; zikizidi hapo hakuna atakayezikumbuka.

Mafundi wanaotaka namba yao ionekane wana nafasi ya “Comment” ndani ya faili lilelile. Inabeba namba ya simu vizuri tu, na Sikinde wakabaki na sura yao.

Mpenzi wa muziki wa dansi,
Morogoro