Godoro la hewa halimgeuzi mgonjwa

Wengi wanaofika dukani kwetu hapa Moshi kuulizia godoro la hewa, mgonjwa wao asiyeweza kujigeuza kitandani ameshatoboka vidonda vya kulala. Magodoro tunayo, ya kuuza na ya kukodisha. Ila kazi ya kumgeuza inabaki kwenu.

Kidonda cha kulala huweza kuanzia ndani. Nyama ikibanwa kati ya mfupa na kitanda, mishipa midogo ya damu hujifunga, na ndani ya saa chache nyama huanza kufa. Ngozi huchelewa kuonyesha, ndiyo maana kitundu kidogo huweza kuficha pango. Kikifika mfupani, usaha huweza kuingia humo na vijidudu kusambaa kwenye damu. Aliyelazwa kwa nyonga iliyovunjika anaweza kuuawa na kidonda.

Mkagueni asubuhi na jioni: juu kidogo ya mfupa wa mkia, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, kisogo. Mnaambiwa mtafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Tafuteni palipokoza kuliko pembeni, pana joto, pamekuwa pagumu au panauma. Msipasugue, wala msipake spiriti.

Mgeuzeni kila baada ya saa 2. Asilalie ubavu moja kwa moja. Wekeni mto mgongoni aegame nyuzi 30 hivi, mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee. Mkimkalisha anywe mtori, akishamaliza na chakula kikishatulia mshusheni. Akiachwa ameegemea mito mitatu huteleza taratibu: ngozi inanata kwenye shuka, nyama inashuka, mishipa inavutika. Mkojo nao hulainisha ngozi, basi nepi isingoje asubuhi.

Ringi la mpira la kuweka chini ya makalio hatuuzi. Linabana damu pembeni, katikati panazidi kukosa.

Godoro la hewa hutandikwa juu ya godoro la kawaida, pampu ikarekebishwa kufuata kilo za mgonjwa. Likishajaa, pitisha kiganja chini ya hilo la hewa, usawa wa makalio: pawe na hewa ya sentimita 2 hadi 3 kati ya mkono na mgonjwa. Ukigusa mfupa, ongeza. Shuka moja tu, isikazwe kama ngoma. Ukirundika blanketi na plastiki, unalipia pampu bure. Umeme ukikatika, ziba mirija ya hewa ya pampu kwa kifuniko chake, na zamu ya saa 2 iendelee hata usiku.

Mkija, mje na uzito wa mgonjwa. Kama ngozi imeshachanika, muuguzi akione kidonda kwanza.