Usitie saini penye nafasi tupu

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Habari ya kuteuliwa wakala wa chama chenu kwenye uchaguzi mdogo wa udiwani huko Handeni nimeisikia kwa mama yako mdogo kabla hujaniambia mwenyewe, na hilo limenikera. Lakini nimefurahi pia, maana uwakala hapewi mtu asiyejua hesabu. Usingizi tu ndio umenipotea. Tangu uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025 mioyo ya watu haijatulia. Kuna nyumba zilizozika, na kuna ndugu ambao mpaka leo hawapokeleani simu. Kwa hiyo nina neno moja, nitalirudia hata ulichoke: usitie saini fomu ya matokeo yenye nafasi tupu.

Utaambiwa usiku umeingia, saini kwanza, tarakimu zitajazwa baadaye kwenye nakala safi. Anayekuambia hivyo anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Watu wamesimama tangu alfajiri, taa ni hafifu, 1 inasomeka 7, sifuri inaongezeka pasipo mtu kukusudia. Kesho yake mtaa mzima unasema kura zimeibwa, na wewe jina lako liko chini ya karatasi. Utajitetea kwa lipi?

Fika kabla ya saa 1:00 asubuhi ukiwa na barua ya utambulisho na hati ya kiapo, kwani wakala asiyeapishwa hana nafasi ndani ya kituo. Usivae kitu chochote cha chama, hata mtandio wenye rangi zake. Sanduku lionyeshwe tupu mbele yenu wote ndipo lifungwe. Namba za lakiri ziandike kwenye daftari lako, pamoja na namba ya kwanza na ya mwisho ya vitabu vya karatasi za kura, jioni utazihitaji. Mzee asiyeona ana haki ya kusaidiwa na mtu anayemwamini. Wewe usiiguse karatasi yake, hata kama ni wa chama chenu na amekuita mjukuu. Ikifika saa 10:00 jioni foleni ndiyo inafungwa. Aliyekwisha kujipanga ataipiga kura yake, awe wa kwenu au wa kwao.

Sasa hesabu. Tuseme kituo kilipokea karatasi 400. Ambazo hazikutumika ni 110, na 3 ziliharibiwa na wapiga kura wakapewa nyingine. Ndani ya sanduku zitakuwemo 287, na 287 hizo zilingane na majina yaliyotiwa alama kwenye daftari la wapiga kura. Zikitoka 288, msianze kugawa mafungu ya wagombea. Rudieni hapo hapo. Huenda karatasi moja imehesabiwa mara mbili; na kama daftari ndilo pungufu, huenda jina moja lilisahauliwa kutiwa alama asubuhi foleni ilipokuwa ndefu. Zikitoka 286, tafuteni karatasi mbili zilizogandana. Mkishakubaliana jumla ndipo mgawe, na halali zikijumlishwa na zilizokataliwa zirudi kuwa 287 ile ile, mathalan 281 na 6. Ukiruka hatua hii, makosa yote yataangukia kwenye fungu la mgombea mmoja, na hapo ndipo watu hushikana mashati.

Kuna kura ambayo alama ya vema imechomoza nje ya kisanduku lakini inaonyesha wazi nani kachaguliwa. Ukiitetea ya mgombea wako, itetee na ya mwenzako. Nalisema hili kwa sababu nakujua, una ulimi mkali na jicho la kuona upande mmoja.

Kabla ya saini, kila tarakimu iwe imeandikwa na kwa maneno, na penye nafasi iliyobaki papigwe mstari. Nakala ya mwisho huwa hafifu, isome yote. Ukiwa na lalamiko, liandike kwenye fomu yake kabla hujatoka, maana kugoma kusaini peke yake hakufuti matokeo. Chukua nakala yako, hakikisha na nyingine imebandikwa nje. Na usiondoke kwenda kula. Wakala mwenye njaa ndiye anayesaini mapema.

Najua utasema umoja wa kitaifa ni maneno ya majukwaani. Si kweli. Sheria ya vyama ya 1992 inataka chama kiwe na wanachama 200 katika kila mkoa, mikoa isipungue 10, na ndani yake iwemo ya Unguja na ya Pemba, ndipo kipate usajili wa kudumu. Chama chako kimesimama juu ya majina ya watu usiowajua, wa dini zote mbili na makabila ambayo hujapata kuyasikia. Hata mfumo huu wenyewe wa vyama vingi ulikuja kwa kusikiliza wachache: Tume ya Jaji Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi, ilikuta takriban asilimia 80 wanataka chama kimoja kiendelee, na bado ikashauri vyama vingi. Pale uwanja wa Mkwakwani mashabiki wa Coastal na wa African Sports hutoka lango moja wakitaniana kwa kuwa bao wameliona wote kwa macho yao. Watu wanaweza kuvumilia kushindwa. Hawavumilii kushindwa gizani.

Kaka yako ametoka kwenye kundi la familia tangu ulipomwita msaliti mbele ya shangazi zako. Yeye ni mkubwa wako, na chama anachokipenda kimesajiliwa kama chako. Mpigie, umwamkie kwanza. Nami nisingekuacha wewe ufunge bendera mlangoni halafu yeye nikamwambia aishushe ya kwake, pengine yasingefika huku. Nimekwisha kumwambia.

Bati la jikoni bado linavuja upande wa mbuzi ya nazi. Fundi anataka bati mbili na misumari kilo moja, nikasema asubiri mwisho wa mwezi. Bibi yako presha imeshuka, anakusalimu. Machungwa ya Muheza yameanza kuwa matamu, ukipita nunua pale pale barabarani, usisubiri ya mjini. Umeme nimenunua wa wiki.

Nimempa kondakta wa basi mfuko wenye hotpoti ya mahamri na mbaazi, tochi na betri zake, daftari, na kalamu mbili za bluu. Mbili, ili moja ikikauka usiazime kwa mtu anayekuharakisha, ukajikuta umesaini penye nafasi tupu. Kaka yako ndiye aliyeupeleka mfuko hadi stendi ya Kange. Mbaazi uzile kwanza, hazilali. Hotpoti uirudishe, ni ya jirani.

Mama yako