Sukari ya ubongo anaila nani?

Shoga yangu Mwanaidi, salamu toka Tanga, huku Raskazone joto halina adabu ila jioni upepo wa bahari unatuponya. Sasa lile swali lako, eti skana ya PET (ile picha inayofuatilia sukari yenye alama ya mionzi mwilini) ikionyesha sehemu ya ubongo imewaka si ndo niuroni, zile seli za kupeleka ujumbe, zinakula sukari hapo? Mh, sio lazima.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili ila unatafuna karibu asilimia 20 ya nishati, na ile skana inakwambia sukari imeingia wapi, haikwambii kaipokea nani. Niuroni inapenda kuchoma mpaka mwisho kwenye mitokondria, yale majiko ya seli, kwa oksijeni, glukosi (ndo hiyo sukari) moja inampa ATP, yani vifurushi vya nishati, kama 30. Astrosaiti sasa, seli zinazowahudumia niuroni, hao ndo kina mama wa uani kwenye shughuli, wanakatakata glukosi harakaharaka hata kama oksijeni ipo, wanabaki na ATP 2 na lakteti, yale mabaki ya huo mkato, wanaitoa nje, halafu akiba ya glaikojeni (glukosi iliyowekwa stoo) ya ubongo karibu yote wanayo wao. Maikroglia, seli za ulinzi wa ubongo, nao wakichokozwa wanahamia kwenye mkato huohuo wa haraka.

Kuwatenganisha ndo kwenye utamu shoga. Kuna asetati, ukoo mmoja na siki ya kachumbari, hii astrosaiti wanaichukua kuliko niuroni, basi watafiti wanamtilia mtu mshipani asetati yenye kaboni 13, kaboni nzito kidogo inayokuwa kama alama, halafu kwa mashine ya sumaku wanaangalia kaboni inatokea wapi, ikianzia kwenye glutamini ujue imepita kwa astrosaiti, maana glutamini wanaitengeneza wao, lakini ukitumia glukosi yenye alama hiyohiyo glutameti, kemikali ya ujumbe iliyojaa kwenye niuroni, ndo inatangulia. Mi hapo nilisema wallahi hawa watu wana akili.

Ugomvi uko kwenye lakteti. Watafiti Pellerin na Magistretti mwaka 1994 walisema astrosaiti wakimeza glutameti wanazidisha kula glukosi, lakteti inayotoka niuroni inaila. Wengine mpaka leo wanabisha, wanasema niuroni ikichangamka inachukua glukosi yenyewe tu. Mi nawaelewa wabishi, ushahidi mwingi wa mwanzo ni wa seli zilizokuzwa kwenye sahani maabara, na seli ya kwenye sahani haiishi kama ya kwenye kichwa cha mtu. Mwalimu wako akianza kuchora ule mshale wa lakteti kutoka astrosaiti kwenda niuroni muulize kwanza alama zilionekana wapi, halafu nambie kajibu nini.

Wasalimie nyumbani Bagamoyo.
Shoga yako, Zuhura