Barua kwa mwanangu: anza na transfoma

Tanga

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Sisi huku hatujambo, na bibi yako anakusalimu sana. Picha ya mchoro wako imefika pamoja na orodha ya vifaa unavyotaka kununua Kariakoo. Nimefurahi mno kuona umeamua kuunda amplifaya yako mwenyewe. Nakujibu kwa barua ili uende nayo dukani.

Orodha yako inaanza na transista nane, 2SC5200 na 2SA1943, na transfoma, inayoushusha umeme wa ukutani, umeiweka mwisho kabisa bila hata kutaja volti zake. Igeuze. Sauti inayotoka kwenye spika haitokani na umeme mdogo wa simu yako. Ni umeme wa transfoma, na kazi ya transista ni kuufungulia na kuubana kwa kufuata muziki. Transfoma ikiwa dhaifu, besi itakwama hata ukifunga transista za bei gani.

Halafu hizo wati 300 unazozitaka. Najua umeona sabufa zilizoandikwa wati 10,000 kwenye boksi. Fyuzi ya plagi kubwa kuliko zote ni ampea 13, na umeme wetu ni volti 230. Zidisha: hata 3,000 hufiki, basi hizo 10,000 zinaingilia wapi? Na sikio nalo halihesabu kama mita. Ukiongeza nguvu maradufu unapata desibeli 3 tu, tofauti ndogo. Ili usikie sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji nguvu karibu mara kumi. Kwa chumba chako, wati 25 za kweli kila upande kwenye spika za omu 8 zinatosha na kubaki. Ukipata spika ya desibeli 90 kwa wati moja badala ya 87, umefanya kazi ile ile ya kuongeza amplifaya maradufu.

Kwa hiyo transista nane ziache kwanza. Nunua chipu mbili za LM3886, moja kila upande; kila moja ni amplifaya nzima ndani ya kipande kimoja. Ndani yake mna kinga ya joto na ya shoti, na wewe bado unajifunza. Tena 2SC5200 za bandia zimejaa sokoni: juu pameandikwa vizuri, ndani kipande cha silikoni ni kidogo. Ukiipima kwa mita inaonekana nzima, ukiibebesha mzigo inakufa na mara nyingi inaondoka na spika. LM3886 za bandia nazo zipo, kwa hiyo nunua kwa muuzaji atakayekubali kukurudishia, hata kama bei yake imezidi kidogo.

Transfoma omba ya 18-0-18, yaani inayotoa volti 18, sifuri, na volti 18 nyingine, ya VA 150, ambayo ndiyo nguvu yake. Zidisha 18 kwa 1.41 upate kilele cha wimbi la umeme, toa kidogo kinacholiwa na dayodi, zile zinazoupitisha umeme upande mmoja tu, unapata kama volti 25 chanya na 25 hasi. Ikiwa haina mzigo mita itasoma zaidi, usishtuke. Ishike mkononi kabla ya kulipa; ya ukubwa huo lazima iwe na uzito wa kueleweka. Ukiamua kutoa transfoma kwenye redio ya mtumba kutoka Japani, soma kibandiko kwanza. Kule umeme wao ni volti 100, na ukiichomeka kwenye 230 itafuka moshi.

Daraja la dayodi chukua la ampea 25, kama KBPC2510, ulifunge kwa bolti kwenye chuma cha boksi. Kapasita, yaani matangi ya kuhifadhi umeme, ni mikrofaradi 10,000 kila upande, volti 50, zile zinazovumilia joto la nyuzi 105. Fanya hesabu uone: ukivuta ampea 2, kapasita hiyo inashuka kama volti 2 kabla ya kujazwa tena, kwa sababu inajazwa mara 100 kwa sekunde. Ukiweka ya 2,200 inashuka volti 9, na hapo ndipo unasikia mngurumo chini ya muziki. Kati ya miguu miwili ya kila kapasita kubwa funga rezista, kipande kinachobana umeme, ya kiloomu 2.2, wati 1, iimalize chaji ukizima. Hata hivyo subiri dakika mbili, kisha pima kwa mita ndipo uguse.

Umeuliza kwa nini rezista mbili ndogo ndizo zinazoamua ukuzaji wote. Wazo hilo lilimjia Harold Black wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, mwaka 1927 akiwa kwenye kivuko cha mto Hudson akienda kazini, akalichora kwenye ukurasa wa gazeti alilokuwa nalo. Alirudisha sehemu ya sauti inayotoka ikapingane na inayoingia, na makosa ya saketi yakapungua. Kwako kiasi kinachorudishwa kinaamuliwa na rezista hizo mbili: weka kiloomu 20 na kiloomu 1, gawanya 20 kwa 1 kisha ongeza 1, unapata ukuzaji wa mara 21, na simu itaweza kuisukuma. Usishuke chini ya mara 10, maana LM3886 itaanza kutetema yenyewe na kuchemka bila muziki wowote. Rezista ziwe za metali, asilimia 1. Bei yake ni ndogo.

Kuna mambo mawili ya chipu hii yanayowasumbua wengi. Mguu wa 8 ni wa kunyamazisha: usipouunganisha na umeme hasi kupitia rezista, kama kiloomu 22, hutasikia kitu na utadhani umeiua. Na mgongo wa chuma wa LM3886T umeungana na umeme hasi, kwa hiyo weka karatasi ya maika, isiyopitisha umeme, kati yake na hitisinki, lile bamba la mapezi la kupoozea chipu, na upime kwa mita kwamba haigusi.

Hitisinki usiibanie. Joto kubwa halitokei ukifungulia sauti yote. Linatokea karibu asilimia 40 ya nguvu, na hapo kila chipu itatupa kama wati 16. Kwa joto la Dar nataka hitisinki isiyopanda zaidi ya nyuzi moja kwa kila wati, mapezi yasimame wima, na isifungiwe ndani ya boksi.

Waya wote wa sifuri ukutane mahali pamoja, baada ya kapasita kubwa. Waya wa ardhi wa plagi ufungwe kwa bolti kwenye boksi la chuma, na hili sitaki tubishane. Fyuzi ya 13 ndani ya plagi itoe, weka ya 3. Kitasa cha sauti kiwe A10K, si B10K. Ya B sauti inaruka yote mwanzoni.

Siku ya kuwasha, unganisha balbu ya kizamani ya wati 60 kwa mfululizo kwenye waya wa moto. Ikiwaka kidogo halafu ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, kuna shoti mahali. Spika usifunge bado. Unganisha njia ya kuingiza sauti na sifuri, pima volti za moja kwa moja (DC) kwenye matokeo ya kila upande; zisizidi milivolti 50. Nitumie namba hizo mbili, na usifunge spika mpaka nikujibu.

Pesa ya transfoma nimempa mjomba wako. Hitisinki ninayo nzuri hapa, nitaituma kwa basi Jumamosi; ukaipokee stendi ya Magufuli.

Mama yako