Idi Mubarak, wazee wa lenzi

Assalamu alaikum ndugu zangu wa kundi letu la wapiga picha, na ninyi ambao si wa Idi, hamjambo? Idi Mubarak. Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, na wenzetu wa Kwaresima awafikishe Pasaka salama. Mwaka huu tumefunga bega kwa bega, hata yule wa Mbarara aliyezoea kututumia picha za muchomo, nyama ya kuchoma, saa tisa alasiri alitustahi kidogo. Kidogo tu.

Nawaandikia nikiwa hapa barazani Kibuli, Kampala, chai ya tangawizi mkononi, harufu ya pilau haijatoka kwenye kanzu. Wageni wamepitiwa na usingizi. Watoto walishapewa mkono wa Idi na walishaumaliza dukani. Hii ndiyo saa yangu ya kufungua picha.

Juzi nilipanda juu ya paa saa kumi na mbili na nusu jioni kuuwinda mwezi wa Idi. Stendi niliifunga kwa kamba kwenye nguzo ya tangi la maji, lenzi nikaielekeza magharibi. Mnajua jua la huku kwetu: likishazama halikungoji, dakika ishirini tu na giza limeingia. Wingu likaja kutoka upande wa ziwa, likakaa palepale nilipopataka mimi. Kwenye simu mkawa mnaulizana. Jinja? Wingu. Masaka? Mvua. Fort Portal? Usiulize. Ndipo Hajji wa Arua akatuma yake: kijiuzi cheupe juu ya mwembe, kimetikisika kidogo. Hakuandika salamu wala dua. Aliandika vipimo vya kamera tu: “300, f 5.6, robo sekunde, upepo, msinicheke.” Nikacheka peke yangu juu ya paa kama mwendawazimu.

Leo nimezipanga kwa safu picha zote za mwezi wa Idi tulizotumiana tangu 2010. Ile ya kwanza ilikuwa Septemba. Idi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo tumeshuka nayo pamoja: Agosti, Julai, mwaka 2018 tukawa Juni, halafu Mei, Aprili, hadi kwenye masika haya. Zikikaa safu moja unaona kitu ambacho picha moja haikuambii. Huku karibu na ikweta hilali, mwezi mchanga, hulala chali kama mtumbwi, hilo kila mtu analijua. Lakini mtumbwi wa Septemba umeinamia kusini, kama unataka kumwaga maji upande wa kushoto. Wa Juni umetulia karibu sawasawa. Hii ya miaka ya karibuni imeinamia kaskazini. Ni mshazari wa njia ya jua na mwezi angani unavyobadilika kwa msimu, hakuna muujiza hapo, ila nimekaa naitazama safu hii hadi chai imepoa.

Na chini ya kila picha kuna ugomvi. Jamani, tumegombana! Kamera za Nikon na Canon tulizifanya Express na Villa, wale mahasimu wa soka wa Kampala. Mnamkumbuka bwana wa lenzi ya milimita hamsini, aliyeapa kwamba mtu mwenye macho hahitaji lenzi nyingine? Tukamfanyia hesabu: kwenye milimita 300 mwezi mzima unaangukia kwenye sensa, kile kibao cha kamera kinachopokea picha, ukiwa chini ya milimita 3, kwenye hamsini yake haufiki hata nusu milimita. Punje ya ulezi ni kubwa kuliko hiyo. Akanyamaza siku mbili, kisha akaleta picha ya hamsini: mwezi kweli ni nukta, lakini chini yake kuna mnara wa msikiti, waya za umeme, na mama anaanua nguo. Ndiyo picha bora ya mwaka ule, na mpaka leo hajatuacha tupumue.

Mwenzetu wa Entebbe naye na kuvu wa lenzi zake. Lenzi tatu zimeliwa na unyevu wa ziwa, na bado kila mwaka anauliza kama mchele unasaidia. Hausaidii, ndugu yangu, unaongeza vumbi tu. Nimekuwekea vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu, mfuko mzima, njoo uchukue. Ukija tutakula.

Kuhusu lenzi ya Hajji nina deni la kulisema hadharani. Miaka ile nilikuwa na kamera ya Nikon D90 ya mtumba na lenzi yake ndogo, natamani mwezi. Hajji, ambaye sikuwa nimemwona hata kwa sura, alinitumia Nikkor yake ya zamani, lenzi ya Nikon ya milimita 300, ya kuzungusha kwa mkono, kwa basi la usiku kutoka Arua. Ilifika imefungwa vitenge viwili, ndani ya boksi pamoja na chupa ya asali. Mdomo wa lenzi za Nikon wakati ule ulikuwa haujabadilika umbo tangu 1959, kwa hiyo iliingia klik, ila kupima mwanga ukajipimie mwenyewe. Nikakaa nayo mwezi mmoja. Siku ya kuirudisha stendi ikateleza kwenye vigae, ukingo wa mbele ukabonyea. Nilikesha nikitunga maneno ya kumwambia. Asubuhi akajibu swali moja tu: “Kioo kizima?” Nikasema kizima. Akasema, “Basi imepata chale za ukoo. Asali umeila?”

Tulikuja kuonana uso kwa uso 2019, kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda pale barabara ya Kira, wakati wa maonyesho ya picha za zama za Amin kutoka hazina ya shirika la utangazaji. Negativu zipatazo 70,000 zilikuwa zimekaa kwenye bahasha miaka yote ile, nyingi hazijawahi kuchapishwa. Tulikuwa saba. Tukaanza kwa kelele, kila mtu anataka kumtambua mwenzake kwa kamera aliyoivaa shingoni. Ndani kelele zikaisha. Mzee wetu wa Mbale alisimama mbele ya picha moja muda mrefu, mikono nyuma. Alipogeuka aliniuliza, “Hii ni filamu gani, unadhani?” Nikamwambia nadhani ya kawaida ya magazeti. Tukaongea habari za filamu mpaka tukafika nje.

Mzee alitutangulia mwezi wa Rajabu. Najua wote mnajua, lakini hii ndiyo Idi ya kwanza bila yeye, na sitaki ipite tu. Binti yake alituandikia kwa simu yake: kamera ya baba imekwama, tuifungue? Watu sita tukajibu kwa mpigo, kwa herufi kubwa: USIFUNGUE, mwanga usije ukaiunguza filamu iliyo ndani. Ilikuwa ile Zenit, kamera ya filamu ya Kirusi, aliyokuwa akitutambia kwamba kipimo chake cha mwanga hakili betri, umeme ukikatika Uganda nzima yeye anapiga. Hajati wa Jinja akampigia yule binti akamwelekeza pole pole kama anamfundisha kupika: bonyeza kile kidogo kilicho kando ya kitufe cha kupigia, nyanyua gurudumu la kushoto, zungusha taratibu kwa mshale, usikilize vidole vyako mpaka kiwe chepesi. Kisha filamu ikasafiri hadi Jinja.

Hajati anasafisha filamu bafuni kwake, mnamjua. Dawa inataka nyuzi joto 20, na maji ya bomba huko hayajawahi kuziona, kwa hiyo akayapoza kwa barafu ya muuza soda wa mtaani. Katika nafasi 36 zilitoka 21. Nyingi zimetikisika, mkono wa mzee ulishaanza kutetemeka. Redio yake mezani. Mjukuu kwenye nguo za Idi iliyopita, mkono kauweka mbele makusudi ili saa ya plastiki ionekane, kama sisi tulivyofanya studio enzi zetu, tumesimama mbele ya ndege iliyochorwa ukutani. Sufuria la pilau, mvuke wote, hakuna kingine. Na moja ya ukuta wa nyumba, jua la asubuhi, kivuli chake mwenyewe juu yake: kofia, kiwiko kimeinuka, kamera jichoni.

Allah amrehemu. Ile ya kivuli naipeleka Nasser Road, mtaa wa wachapaji, wiki ijayo, nitachapisha nakala kwa kila mmoja wetu. Nitumieni vipimo mnavyotaka, na tafadhali tusianze tena mjadala wa karatasi ya kung’aa na isiyong’aa. Isiyong’aa. Nimeshaamua.

Kijana wetu mpya wa Lira, karibu. Tulikucheka kwa ule mwezi wa kumi na nne uliotuma kwa simu, umetoka mashimo yote usiku wa ukungu, kwa kuwa simu yako inaijua sura ya mwezi kabla haijautazama. Usikasirike. Hapa mtu asiyechekwa bado hajazoewa. Wewe ndiye utakayetuendelezea safu hii: nimepiga hesabu, Idi itarudi Septemba mnamo 2041, mtumbwi uinamie tena kusini. Sijui nani kati yetu atakuwa bado anaweza kupanda paa.

Haya, niwaombe radhi wote niliowaudhi kwa maneno, hasa watu wa Canon. Na wewe uliyeazima chaja yangu ya D90 tangu ile Idi ya Juni, unajijua. Nimekusamehe, lakini irudishe.