Barua kwa mpwa wangu anayeenda kusoma Lancaster

Mpwa wangu,

Mama yako kaniambia umepata chuo Lancaster, Uingereza, hongera sana, nimefurahi mno. Mimi nimeishi huko kwa hiyo najua ukifika tu watakupandisha kilimani kwenye ngome. Nenda. Pale Warumi waliweka kambi yao juu ya mto Lune, baadaye ikajengwa ngome ya mawe ikawa mahakama na jela ya jimbo la Lancashire lote, na jela yenyewe imefungwa juzi juzi tu, 2011. Waombe wakuonyeshe kile kibanio cha chuma cha mahakamani, yaani mtu akishahukumiwa mkono unabanwa pale anapigwa chapa ya moto, herufi M, ili kokote aendako ajulikane ni mhalifu. Na Agosti 1612 walinyongwa watu 10 kwa kesi za uchawi, shahidi mmoja mkubwa alikuwa kabinti kanaitwa Jennet Device, miaka kama 9 hivi, kakasimamishwa juu ya meza kakatoa ushahidi dhidi ya mama yake mzazi, mama analia na kupiga kelele mpaka wakamtoa nje. Hiyo habari utaisikia sana, mji mzima wanaisimulia.

Ila nakuomba sana ushuke mtoni, St George's Quay. Utaona maghala marefu ya mawe na jengo la forodha la 1764, zuri kwelikweli, siku hizi makumbusho. Alilichora Richard Gillow, wa ile familia ya mafundi fanicha waliokuwa wanaletewa mahogani kutoka Karibiani. Sasa jiulize meli zilikuwa zinaendaje huko. Nyingine zilipitia Afrika Magharibi kwanza, zinanunua watu, zinawauza ng'ambo, halafu zinarudi na sukari, ramu na mbao. Karne ya 18 Lancaster ilikuwa ya nne Uingereza kwa biashara hiyo, baada ya Liverpool, London na Bristol, na meli zake zilibeba Waafrika kama 29,000 mpaka ilipopigwa marufuku 1807. Mji mdogo vile! Mimi nimekua nikijua habari za Bagamoyo na Mkunazini, hizi za huko hakuna aliyewahi kunihadithia, na iliniuma. Gatini wameweka mnara tangu 2005, una majina ya meli, manahodha na idadi ya watu waliobebwa. Simama usome meli moja moja, usipige picha ukaondoka.

Halafu tafuta siku uende Sunderland Point, kule mto unapoingia baharini. Kuna kaburi la kijana Mwafrika waliyemwita Sambo, jina lake alilopewa na wazazi halikuandikwa popote. Inasimuliwa alikuja na bwana wake kwa meli akaugua akafia hapo miaka ya 1730, na kwa kuwa hakubatizwa wakamzika peke yake shambani karibu na ufukwe. Bamba lenyewe limewekwa 1796, miaka 60 baadaye. Watoto wa shule wanamwekea mawe waliyoyapaka rangi, na wewe mpelekee lako, umwombee dua.

Ila angalia sana maji, barabara ya huko kutokea Overton inafunikwa kila bahari ikijaa, na bamvua la kule si mchezo. Tazama kwanza ratiba ya kujaa na kupwa, nenda maji yakiwa yanatoka, usiende peke yako.

Mjomba wako