Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wauguzaji, Lamu

Assalaam alaykum, na kwa wenzetu wa Mpeketoni, Bwana asifiwe.

Hesabu ataisoma mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba upatu haukuvunjika, ingawa wakati wa kusi, bahari ilipochafuka, wenzetu wa ng'ambo walituma pesa kwa simu na wenyewe hatukuwaona.

Wengi wetu tulianza kuwauguza wanajeshi wetu baada ya Oktoba 2011, jeshi letu la Kenya lilipoingia Somalia. Wengine, wagonjwa wao walitoka vitani katika msitu wa Boni. Mwanajeshi akirudi hupewa karatasi zake. Anayempokea mlangoni hapewi kitu. Sheria ya wanajeshi wastaafu ya mwaka 2022 ilitupa matumaini, tukafuata fomu. Tulizopewa zina nafasi ya mgonjwa na nafasi ya mtegemezi. Ya yule anayemgeuza usiku hatukuiona.

Na asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2, la sivyo atatoka vidonda vya kulala. Kikaoni niliuliza nani anaumwa mgongo. Ilikuwa rahisi kuhesabu wasionyoosha mkono.

Kiti cha magurudumu tulichochangiwa kimo ukumbini kwangu, tumekianikia kanga. Vichochoro vyetu na ngazi za gati mnazijua. Mgonjwa wa kliniki bado anabebwa mpaka kwenye boti.

Lililotusumbua zaidi ni zamu. Tulikubaliana kila mmoja akakae nusu siku kwa mwenzake, mwenye nyumba apate kutoka, au alale tu. Wiki tatu hakuna aliyefungua mlango. Nilipowazungukia nikasikia neno moja kila nyumba: sitara. Mume aliyekuwa akibeba bunduki leo anavishwa nepi, mfuko wa mkojo uko kando ya kitanda. Nani atakubali jirani ayaone hayo? Mimi mwenyewe, mwenyekiti wenu, mwenzangu alipobisha hodi nilimwambia mgonjwa amelala. Hakuwa amelala.

Tukabadilisha. Anayekuja hagusi mwili wa mgonjwa: anapika, anafua, anaongea naye. Kuogesha tumewaomba kaka na mashemeji, na hapa nitasema wazi, walioitika ni wachache. Wengine tunawapita asubuhi barazani wakinywa kahawa, wanatuuliza, "Mgonjwa aonaje?" Hata hivyo zamu sasa zinakwenda. Mwanachama mmoja alitumia nusu siku yake ya kwanza kulala kwa mamake, hakuamka mpaka magharibi.

Wale ambao wagonjwa wao hawana jeraha la kuonekana wana kazi yao nyingine. Fataki za Idi ziliwatia baadhi yao uvunguni. Mwenzetu alipigwa usoni kwa kumgusa mumewe usingizini. Tumefundishana kumwamsha kwa jina, ukisimama upande wa miguuni, bila kumgusa.

Bima: tangu Oktoba 2024 NHIF, ile bima ya afya ya taifa tuliyoizoea, haipo; mahali pake ni SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, na kila mtu hujiandikisha upya. Kima cha chini ni Sh300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Aliyeacha kuuza mahamri ili auguze atazitoa wapi? Kamati inapendekeza upatu wa Januari uwe wa bima.

Zamu mpya zitapangwa leo baada ya chai. Kila mmoja ataje mwanamume mmoja wa nyumbani kwake, na awe amemuuliza kwanza.